Mwanamume wa Filamu Ana Mtoto

Jumatatu, 3 Februari

Dada yangu,

Nimeshindwa. Nakuambia mapema ili usisome barua yote kwa matumaini halafu unichukie mwishoni.

Jana nilijipanga vizuri. Bibi alikuwa kwenye cherehani anashona mashati ya sare, ametulia, hata anaimba kidogo. Nikajisemea, sasa. Nimwambie kuwa kuna fundi friji aliyekuja kutengeneza friji la damu hapo maabara kwenu, kwamba friji lilipona lakini fundi akaendelea kuja kulijulia hali, kwamba mnapendana, na mwisho wa mwezi unataka kumleta nyumbani. Hayo yote ningeyaweza. Lililonikaba ni lile la mwisho, kwamba mkewe alifariki na amemwachia binti wa miaka sita. Nikafungua mdomo. Nikabaki nimeufungua. Bibi akaniambia kama nataka kupiga miayo nikalale. Nikaenda kulala kweli, mchana kweupe.

Usinicheke. Wewe mwenyewe huwezi kumwambia kwa simu, maana sikio lake zito na simu yetu lazima iwekwe spika, na siri ikitoka kwenye spika inafika kwa msusi ng'ambo ya barabara kabla haijafika kwa Bibi. Na unajua anavyolitamka lile neno, mama wa kambo, kama mtu anayetema uzi aliouuma. Tangu tukiwa wadogo anatuambia kwamba aliyoyala utotoni hatalishwa mwingine, na hakuna mjukuu wake atakayekuwa mama wa kambo wa mtoto wa watu yeye akiwa hai. Nitaanzia wapi hapo?

Lakini kuna jambo jingine nataka kukuambia, na naona haya hata kwenye karatasi. Msusi alileta flashi yenye filamu, zile za mapenzi za kuchekesha anazowawekea wateja saluni. Tukaziba dirisha kwa kitambaa cha sare. Filamu ilikuwa kwa lugha ya kigeni, Bibi na msusi hawaijui hata kidogo, basi wakaniambia, wewe unayesomeshwa kwa lugha mbili, tuambie wanasema nini. Dada, mimi huyu, ambaye mwalimu akiniita tu natamani sakafu ipasuke. Lakini chumba kilikuwa giza na kila mtu anatazama kioo cha televisheni, hakuna anayenitazama mimi. Sauti ikatoka. Nilisema ya mwanamume kwa sauti nzito, ya mwanamke kwa sauti nyembamba, na ya bosi kama ya mwalimu wetu mkuu. Msusi alicheka mpaka akashika ubavu. Walipobusiana niliona aibu mbele ya Bibi, nikasema wanaagana. Msusi akasema, "Wanaagana muda mrefu hawa."

Kisha theluji ikaanza kuanguka kwenye mtaa wao, polepole, kama mtu anayechekecha unga juu ya mji mzima, na hakuna aliyekuwa anaikimbia. Bibi aliacha sindano hewani. Akaniuliza kama inauma inapomgusa mtu. Sikujua. Nami nikahisi nywele zinasimama. Sijui kama wewe huko umewahi kuhisi hivyo mbele ya kitu cha kipuuzi.

Dereva wa gari la vifurushi anapiga honi. Nisamehe.

Mdogo wako,
Sisimizi


Alhamisi, 6 Februari

Sisimizi wangu,

Nimekusamehe, lakini si sana. Mimi huku nahesabu wiki, wewe unahesabu mabusu ya wazungu.

Filamu hizo nimeziona zote, maana ni moja. Wanagongana na kumwagiana kahawa. Wanagombana. Wanapendana. Inagundulika mmoja alidanganya. Mvua inanyesha. Mwanamume anakimbia, sijui kwa nini hawapandi teksi. Wanaagana muda mrefu, kama unavyosema. Mwisho. Yule wa cherehani tunamwelewa, hajawahi kuona mengi. Wewe uliyesoma unasimamisha nywele kwa lipi?

Fundi ameanza kuniuliza kama nyumbani wanajua. Hasemi kwa ukali, anauliza huku anafuta bisibisi, lakini anauliza. Na binti yake, huyu tunayemwita Chiriku kwa sababu hafungi mdomo hata akiwa usingizini, jana aliniuliza kwa nini mimi nakwenda kwao ila wao hawaji kwetu. Nimjibu nini mtoto? Mficha uchi hazai, mdogo wangu. Jambo hili likikaa kimya zaidi litaoza.

Kama umekuwa hodari wa kusemea watu, basi mpe huyo mwanamume wa filamu mtoto na mke marehemu, umsikie Bibi atasemaje, umalize kazi.

Dada yako


Jumatatu, 10 Februari

Dada,

Nimefanya ulivyosema.

Msusi alileta filamu nyingine. Mwanamke ana duka dogo la keki. Mwanamume ametumwa na tajiri aje alibomoe. Wamegongana, keki imemwagika badala ya kahawa, kwa hiyo ulikosea kidogo. Na yupo mtoto wa kike, pengo hapa mbele, anashinda ofisini kwa yule mwanamume akichora kwenye ramani zake. Kwenye filamu ni mpwa wake. Anamwita mjomba, mara nyingi, waziwazi. Mimi nikasema, "Baba."

Mara ya kwanza moyo ulinipiga hadi nikadhani wanausikia. Mara ya pili ulipiga kidogo. Baada ya hapo, Mungu anisamehe, ilikuwa tamu. Niliwatazama wale watu wazuri, wakubwa kwenye kioo, wanafungua midomo, na kinachotoka ni cha kwangu. Sikujua kwamba mtu anaweza kuwa na nguvu za namna hiyo akiwa amekaa tu kwenye mkeka na magoti yamekunjwa.

Bibi akauliza mama wa mtoto yuko wapi. Nikasema alifariki. Cherehani ikasimama. Akawa anatazama tu, miwani imeshuka puani. Mtoto akaingia dukani peke yake, akasimama mbali na meza. Yule mwanamke hakumvuta wala hakumpapasa kichwa kama wafanyavyo watu. Aliendelea na kazi yake, akasukuma bakuli la krimu kidogo upande wa mtoto, halafu akageuka kutafuta kitu ambacho hakikuwepo. Mtoto akachovya kidole. Bibi akacheka, dada. Alicheka kwa pumzi, peke yake, akasema, "Huyu anajua kukaa na mtoto. Hajilazimishi."

Kisha umeme ukakatika, wakiwa wawili juu ya ngazi wanapaka rangi kibao cha duka. Msusi alitukana kampuni ya umeme na ukoo wake wote. Tutamalizia Jumapili.

Lakini sikia hili. Tangu siku ile Bibi anaongea habari zao kama majirani. Leo asubuhi mteja alikuja kuchukua sketi, Bibi akamsimulia tangu keki ilipomwagika, mteja akasema yeye asingekubali mwanaume mwenye mtoto. Bibi akamjibu, na nilisikia kwa masikio yangu mawili, kwamba inategemea mwanamke na inategemea mtoto.

Nimekuandikia kama alivyosema. Naogopa kufurahi.

Sisimizi


Alhamisi, 13 Februari

Wewe mtoto,

Nilikuwa natania! Nilikuwa nimekasirika nikaandika kejeli, na wewe ukaenda kuitekeleza. Nilipoanza kusoma nilikaa chini kwenye ndoo ya maabara. Nilipofika kwenye maneno ya Bibi niliinuka, nikayasoma tena, nikamsomea fundi. Alikwenda akarudi na shati jipya, kola yake ngumu kama bati, akaniuliza kama Bibi ataona mshono mbaya.

Inategemea mwanamke na inategemea mtoto. Bibi yetu kasema hivyo? Siwezi kungoja mwisho wa mwezi. Tunakuja Jumamosi ya tarehe 22, wote watatu. Usimwambie Bibi lolote, mimi mwenyewe nitasema mlangoni. Wewe malizia tu filamu yako. Najua inavyoisha, hakuna cha kuogopa.

Chiriku anauliza kama cherehani ya Bibi ni ya kukanyaga na kama naye ataruhusiwa kukanyaga.

Dada yako mwenye furaha


Jumapili, 16 Februari

Dada,

Msije.

Namwomba dereva akupe barua hii mkononi. Tumemaliza filamu leo mchana. Imegundulika mwanamume alidanganya, mvua imenyesha, amekimbia, yote kama ulivyosema. Amekimbilia stesheni kwa sababu mwanamke wa keki anaondoka. Nilikuwa nimejaa, dada, nilikuwa nimesimama bila kujua. Watu wote wa stesheni wameacha mizigo yao wanawatazama, na mimi nasema maneno yake ya kuomba radhi, na msusi analia waziwazi, anajifuta kwa kipande cha sare.

Treni nyingine ikafika. Akashuka mwanamke mwenye sanduku jekundu, ambaye hatujawahi kumwona tangu filamu ianze. Yule mtoto mwenye pengo akamwona. Akamkimbilia na kupiga kelele, "Mama!"

Neno hilo halihitaji mtafsiri. Bibi alilisikia na sikio lake bovu.

Ni dada yake mwanamume, ndiye mama halisi wa mtoto, alikuwa safarini. Ningejuaje? Nilikuwa sijaona mwisho. Bibi akanigeukia, akaniuliza si nilisema marehemu. Msusi akasema, "Basi amefufuka, na sanduku." Bibi hakucheka. Akasema kumbe mwanamume huyu alimzika mkewe kwa maneno ili apate mwingine, na mtoto akafundishwa kunyamaza. Akachukua rimoti akazima kabla hata hawajaagana. Kisha akasema, polepole, huku anakunja kitambaa cha dirishani, "Ukiambiwa mke ni marehemu, omba uonyeshwe kaburi."

Nilikuwa na nafasi ya kusema hapo hapo. Chumba kilikuwa na mwanga tayari, walikuwa wananitazama usoni. Nikaenda kuosha vikombe.

Tangu mchana amemweleza kila anayepita. Sasa ni fundisho. Ukija Jumamosi na mwanamume mwenye mtoto, ataona stesheni ile ile.

Nimekuharibia.

Sisimizi


Jumanne, 18 Februari

Sisimizi,

Mama yake Chiriku ana kaburi. Nimelifikia. Tuling'oa majani pamoja, sisi watatu, na Chiriku akamweleza mama yake kwamba mimi ni mtu wa damu, maana hivyo ndivyo anavyoijua kazi yangu.

Nimemwambia fundi kwamba Jumamosi imeshindikana. Hakuuliza kwa nini. Aliuliza tu kama ni kwa ajili ya mtoto. Nilikawia kujibu, naye akaelewa ninavyokawia. Shati limerudi kwenye mfuko wake.

Sikulaumu. Mimi ndiye mkubwa, na nilimtuma mdogo abebe mzigo ambao mgongo wangu uliukataa. Lakini nimechoka. Labda Bibi anaona mbali kuliko sisi. Labda niliache jambo hili life taratibu, kabla mtoto hajanizoea zaidi.

Usiseme lolote tena. Pumzika.

Dada


Ijumaa, 21 Februari

Dada yangu,

Nimesema.

Barua yako niliisomea chooni. Nilipofika kwenye majani ya kaburi nilitoka, nikaenda kusimama mbele ya cherehani, mchana, mlango wazi, na Bibi ananitazama usoni. Nikasema yote, kuanzia friji la damu. Sikufanya sauti ya mtu yeyote. Nilitetemeka mpaka meza ya cherehani ikatetemeka na pini zikawa zinalia kwenye kopo. Nikasema mwanamume wa filamu hakudanganya kuhusu mke, aliyedanganya ni mimi. Mwanamume wa kweli yupo, na kaburi lipo, na dada amelipalilia.

Bibi akauliza, "Na yule wa filamu ni nani wake mtoto?"

"Mjomba."

Akaweka uzi kwenye sindano. Nilidhani atanipiga, na ningeona ni haki. Akaniambia nikaazime flashi kwa msusi, niweke filamu tangu mwanzo, na nifunge mdomo wangu.

Sasa sikia, kwa maana bado siamini. Niliweka. Sikufungua mdomo. Na Bibi akaisimulia yeye, yote, lugha asiyoijua hata neno. Akasema sasa watagongana, wakagongana. Akasema huyu tajiri atampigia simu mwanamume wakati mbaya, simu ikalia. Alijua lini watagombana, alijua nani anampenda nani kabla wao hawajajua. Maneno aliyowapa hayakuwa ya filamu, yalikuwa bora. Nilikaa nimekumbatia magoti kama mtoto mdogo. Nilimuuliza anajuaje. Akashangaa kuulizwa. Akasema hadithi ni zile zile, hata walizosimuliwa wao jikoni hakuna aliyekuwa hajui mwisho. Ukijua mwisho huna haja ya kuhangaika, unapata nafasi ya kuwatazama watu.

Wewe uliniambia zote ni moja, ukidhani umezishusha. Bibi amesema jambo lile lile, na mimi nikaona kama chumba kimepanda juu.

Na yeye Bibi alikuwa anamtazama mtoto. Mtoto akiwa nyuma kwenye kona ya kioo, hana neno, wakubwa wanapendana mbele, Bibi alikuwa kule nyuma pamoja naye. Tulipofika kwenye ngazi na rangi, akasema, "Huyu hakuna aliyemuuliza." Kisha akaongea bila kuacha kutazama. Alipokuwa na umri wa Chiriku alitumwa maji, akarudi akakuta mwanamke amekaa juu ya begi lake mlangoni. Baba akamwambia, msalimie mama yako. Hakuulizwa yeye, na sasa anaona kwamba hata yule mwanamke hakuulizwa, alikuwa binti tu. Wakaishi nyumba moja miaka, kama watu wawili wanaongoja mabasi tofauti kwenye kituo kimoja. Ukali ulikuja baadaye, akasema. Kwanza ilikuwa ni kutoulizwa.

Hajawahi kutuambia hivyo, si ndiyo? Kila mara huanzia kwenye ukali.

Tuliiona mpaka mwisho, stesheni, sanduku jekundu, wakaagana. Nami nikasema, "Wamebusiana, Bibi." Akasema anaona, macho yake mazima.

Maagizo yake haya, na nayaandika kama alivyoyatoa. Baba amlete mtoto Jumapili ya tarehe mbili. Baba abaki nje. Wewe usije kabisa, kwa sababu mtoto atakutazama wewe kabla ya kujibu. Ana swali moja tu la kumuuliza. Mtoto akikataa, imekwisha, na hutamlilia Bibi kwenye spika. Nilimuuliza, na akikubali? Akaniambia nisianze tena kuwasemea watu.

Sisimizi


Jumapili, 2 Machi

Dada,

Wameondoka sasa hivi. Najua utawaona kabla ya barua hii, lakini fundi hakuwa ndani na Chiriku atakusimulia cherehani tu, kwa hiyo andiko langu ndilo utakalolitegemea. Sijaongeza kitu.

Fundi alikuja na lile shati. Bibi alimpokea mtoto mkono mlangoni, akamwonyesha baba benchi la saluni ng'ambo ya barabara, akafunga. Msusi hakupoteza muda, alimtolea mashine ya kukaushia nywele iliyokufa tangu mwaka jana. Nilipochungulia, fundi alikuwa ameifungua yote juu ya benchi, wateja wamemzunguka, na anatazama mlango wetu, si mashine.

Ndani, Chiriku alinyamaza. Nilisimama nikaogopa, maana wewe ulisema haiwezekani. Alikaa ukingoni mwa kiti, viatu havigusi sakafu. Naujua ukimya huo, ni wangu. Nilitaka nimsaidie, nimwambie Bibi kwamba mtoto anasema hivi au vile. Nilijiuma ulimi.

Bibi hakumpa peremende. Alishuka kwenye stuli, akakaa chini kwenye mkeka, na unajua magoti yake, ili awe chini ya macho ya mtoto. Akamuuliza kama anamtaka yule dada wa maabara aje kuishi nyumbani kwao.

Mtoto alifikiri. Sijawahi kuona mtu akifikiri namna ile, na sijui kama kuna mkubwa anayeweza. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia bisibisi ya fundi ikianguka kule nje. Dada, niliona kwamba maisha yako yote yamekaa kwenye kiti kile, na viatu vyake havigusi sakafu.

Akasema, "Mikono yake ni ya baridi."

Bibi akasema, "Ndiyo."

"Kwa sababu ya friji la damu. Akinisuka inaniuma shingoni. Siku moja nililia." Akanyanyua kiwiko, akaonyesha kwapani. "Sasa anaiweka hapa kwanza. Anangoja ipate moto. Halafu ndiyo ananishika."

Bibi akamuuliza nani alimwambia afanye hivyo. Mtoto akasema hakuna aliyemwambia, na kwamba wewe hujui kama yeye huona.

Je, ulijua? Mimi nimelala nawe kitanda kimoja miaka yote ile na sikujua.

Bibi aliniomba mkono, nikamvuta akasimama. Alikwenda mlangoni, akafungua pande zote mbili, hata ule unaokwama tunaoufungua kwa kuupiga teke. Barabara nzima ikageuka. Fundi aliinuka na vipande vya mashine vikamwagika miguuni. Nilidhani atamwita fundi, au wewe kijana, kama anavyowaita wote.

Akaita, kwa ile sauti yake ya mtu mwenye sikio bovu, "Baba Chiriku! Njoo ndani, chai inapoa."

Na dada, hata maji tulikuwa hatujayateleka.

Mdogo wako,
Sisimizi